Kuku wa Bibi Hufunguliwa Mlangoni

Enzi zetu pale Gisenyi, mtoto akitumwa sokoni kununua kuku alirudi amemshika miguu, kichwa chini, kamba ya mgomba imekazwa barabara, na safari ya kuku ikaishia jikoni. Hao ni watoto wa watu wengine. Kwetu safari ilianzia mlangoni. Bibi yangu, mama mzazi wa mama yangu, aliyeishi nasi mpaka Mungu alipomchukua, alikuwa na sheria yake: kiumbe chenye roho hakivuki kizingiti chake kikiwa kimefungwa. Basi ulisimama nje, ukainama, ukaifungua ile kamba, ukamweka kuku chini taratibu kama mgeni aliyechoka na njia, kisha ukamkaribisha ndani. Sasa niambie, kuku gani wa kukubali kukaribishwa? Alitazama kulia, akatazama kushoto, halafu huyo! Ameshapita uchochoro wa fundi viatu, sisi nyuma yake na magoti yetu yaliyochubuka, na mtaa mzima wa Waswahili unapiga vigelegele: "Kuku ya kwa Bibi imetoroka tena!"

Mbuzi wa Idd ndiye aliyekuwa balaa kubwa zaidi. Kwa jirani alifungwa kwenye mti, akala majani yake, akasubiri siku yake. Kwetu alizunguka uani kama mwenye nyumba. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na mwaka mmoja mbuzi aliingia bandani mwake akatafuna mkono wa koti la bwana harusi. Baba alishona mkono mwingine kwa kitambaa kilichokaribiana rangi na kile cha kwanza. Bwana harusi aliambiwa ndiyo mtindo mpya kutoka Goma, akaamini, na wiki mbili baadaye vijana wawili wakaja kuagiza makoti ya namna hiyo hiyo.

Tulipomuuliza Bibi sababu, "Juu ya nini?" alijibu, "Juu mi nimesema." Enzi zetu hilo lilikuwa jibu kamili. Mtoto wa leo ukimjibu hivyo anakutazama kama redio iliyokwisha betri, kisha anakwenda kuiuliza simu. Sisi tulijitungia sababu zetu. Dada yangu alisema ni mambo ya dini, lakini maalim wa chuo cha Kurani, aliyekuwa na fimbo ndefu kuliko subira yake, hakuwahi kutusomesha aya yoyote ya kufungua kuku. Mimi niliamini ni majini. Hata mtoto mchanga Bibi alimbeba mgongoni kwa kitenge kilichochomekwa tu kifuani, bila fundo, na hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kumdondoka.

Ah, utoto ule! Asubuhi chai ya maziwa yenye tangawizi na mandazi ya jana, yale magumu yanayolainika ukiyachovya. Mchana sambaza, dagaa wa ziwa letu, wa kukaanga, tunawala na vichwa vyao na macho yao. Siku ya matembezi tulikwenda kwa miguu mpaka kwenye maji moto ya Nyamyumba, viazi mfukoni, tukavichemshia humo humo, vikatoka vina ladha ya kiberiti, tukasema hatujawahi kula kitu kitamu namna ile. Leo wanangu nikiwapeleka pale wanapiga picha ya kiazi, wanatuma picha ya kiazi, halafu wanauliza kama kuna chipsi.

Lakini kitu kilichotushibisha kuliko viazi ni majivuno. Wewe uliyekulia mtaa wetu unajua. Kila nyumba ilikuwa na babu aliyekuja na msafara, akitokea pwani kwa njia ya Ujiji, na kila babu alikuwa ndiye mwenye msafara. Ukitusikiliza, ungedhani msafara ule ulikuwa na matajiri mia moja na mpagazi hakuna hata mmoja. Pembe zilijibeba zenyewe, chumvi ilitembea kwa miguu yake! Wetu sisi alikuwa Mabruki, babu yake Bibi. Wajomba zangu walimvika kanzu ya hariri na jambia la fedha kila walipomtaja, na kila mwaka jambia lilirefuka kidogo. Baba naye, tukikataa kuvaa kanzu na ushungi wa chuo, alitukemea, "Mwacha asili ni mtumwa!" nasi tukavaa haraka, maana nani angependa kuitwa mtumwa katika ukoo wa Mabruki?

Bibi alisikia hayo yote, akaendelea kuchambua maharage yake.

Kwa hiyo mchezo wetu mkubwa ulikuwa ni huo huo, Msafara. Tulikuwa saba. Leo tumebaki wachache, na mtu wa rika langu wa mji huu, aliyeuona mwaka wa tisini na nne, hahitaji kuelezwa kwa nini. Wapagazi walipanga mstari, mito ya kulalia kichwani, kamba moja ikipita shingoni kutoka kwa mmoja hadi mwingine, kama tulivyosimuliwa na vijana wakubwa. Mbele kabisa alifungwa Ramazani, mtoto wa jirani, kwa sababu shingo yake ilikuwa ndefu na hakujua kukataa. Bwana Mkubwa nilikuwa mimi, kila siku. Mimi ndiye wa ukoo wa Mabruki! Nilikuwa na mwavuli uliobaki vyuma vitupu, na nilitembea chini ya vyuma hivyo kwa madaha kana kwamba jua limenikwepa.

Siku moja Bibi alitokea uani akatukuta tuko njiani, msafara unakaribia choo. Hakupiga kelele. Aliingia bandani kwa Baba, akatoka na mkasi wa kukatia suti, akaikata kamba ile shingo kwa shingo. Halafu akanigeukia mimi, akanizaba kibao. Bibi, ambaye hakuwahi kumpiga hata paka! Akasema maneno ambayo sikuyasahau: "We Zaina, unajua we uko wa upande gani wa kamba?"

Nililia mpaka jioni. Niliona nimeonewa. Nikaelewa alivyoweza kuelewa mtoto wa miaka minane mwenye majivuno: sisi ni wa upande wa wanaoshika kamba, basi tuwe na huruma. Nikaishi na maana hiyo karibu miaka arobaini.

Sasa nije kwenye safari ya mwaka jana, maana ndiyo iliyonifanya nikumbuke haya yote. Binti yangu Shakila ana miaka kumi na miwili. Shuleni walipewa kazi: kila mwanafunzi amweleze darasani mmoja wa wazee wa ukoo wake, mbele ya wazazi. Siku hizi mtoto akipewa kazi ya nyumbani, anayefanya ni mama. Nilimkalisha nikamwambia aandike: babu wa bibi yangu alikuwa tajiri mkubwa, mwenye msafara, jina lake Mabruki. Nikamwongezea na jambia. Nilijua na Ramazani ana mtoto darasa lile lile, na sitaficha, nilitaka wetu ang'ae. Nikaona daftari halitoshi, inatakiwa picha ya mahali penyewe. Nikamwambia mume wangu, "Likizo hii tunakwenda Ujiji."

Tukaondoka watu watano katika Toyota yetu iliyochoka: mume wangu kwenye usukani, mimi, Shakila, mdogo wake Idi wa miaka saba, na Mama, ambaye sasa ni mzee wa miaka sabini, amekaa nyuma na tasbihi yake. Nilipomwambia Mama tunakokwenda, alisema, "Bon, haya, twende."

Enzi zetu safarini tulihesabu ng'ombe. Hawa kila tukisimama wanauliza, "Mama, huku iko waifai?" Pale Rusumo, ukivuka mto, gari linahama kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Mume wangu alikuwa ametuhutubia njia nzima kuhusu jambo hilo, na alipofika akaenda kulia moja kwa moja, akakutana uso kwa uso na lori la saruji. Mama akasoma dua kwa sauti mpaka Kibondo. Afisa wa mpaka naye alitusikiliza tukizungumza, akashindwa kujizuia.

"Mama, samahani, hiki Kiswahili chenu mmekipata wapi?"

"Tulikitoa kwenu, baba," Mama akamjibu. "Kimechoka tu na safari."

Tulifika Ujiji siku ya pili, tukalala, asubuhi tukaenda kwenye nyumba ya kumbukumbu. Kuna sanamu za Wazungu wawili wanaosalimiana, kofia mkononi, na Idi alitaka kujua kama walitembea mbali hivyo ili wavue kofia tu. Aliyetutembeza alikuwa mama wa makamo, Bi Tatu, aliyejifunga khanga zake vizuri, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikika mpaka dawati la mwisho. Alituonyesha minyororo. Alituonyesha kongwa, ule mti wenye panda uliowekwa shingoni mwa mtu na kufungwa kwa nyuma. Akaeleza jinsi watu walivyokamatwa ng'ambo ya ziwa, wakavushwa kwa mitumbwi, wakauzwa hapa au wakapitishwa hapa kwenda pwani kwa miguu.

Nami nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikamwambia, "Sisi si wageni hapa, Bi Tatu. Babu yetu Mabruki alikuwa mwenye msafara."

"Karibuni sana," akasema. "Mabruki bin nani?"

Nikafungua mdomo. Maisha yangu yote nilikuwa nimemvika hariri mtu yule, na sikuwahi kujiuliza baba yake ni nani. "Mabruki... Mabruki tu," nikasema.

Bi Tatu alishusha sauti. "Wenye msafara, mama, walitajwa kwa baba na babu zao, watu watatu wanne nyuma. Jina likiwa moja tu, Mabruki, Feruzi, Almasi, mara nyingi ni jina mtu alilopewa na aliyemnunua. Mara nyingi. Sisemi kila mara."

Niliona hana adabu. Nikamnong'oneza mume wangu kwa Kinyarwanda kwamba mama huyu hajui kazi yake, na yeye akajifanya anasoma maandishi ukutani, ambayo alikuwa ameshayasoma mara mbili. Wakati huo Idi alikuwa amegundua kongwa jingine, la mbao laini, lililowekwa kando ili wageni waone uzito wake. Akaingiza shingo, akatoa ulimi, akaita, "Mama, piga picha!" Na mimi, Mungu anisamehe, nikainua simu.

Mama alinipita. Sikujua bado ana mwendo wa namna ile. Alimtoa mtoto shingo, akauweka mti ule chini, akasema, "Mutoto wa kwetu hafungwe. Hata kwa muchezo."

Niliisikia sauti ya Bibi. Nikausikia na ule mkasi.

Tulimkalisha Mama nje kwenye baraza. Bi Tatu akaleta maji ya kunywa kisha akajitenga kidogo, kwa heshima. Shakila alikaa chini miguuni pa bibi yake, daftari mapajani.

"Mabruki hakuwaka na musafara," Mama akasema. "Musafara ndiyo ilikuwaka naye, sawa muzigo. Walimukamata huko ng'ambo, akiwa mutoto sawa Idi. Walimuleta hapa na kamba ku shingo, wakamuuzisha hapa hapa. Jina alipewa na ule mwenye alimununua. Ile ya mama yake aliisahau."

"Na kanzu ya hariri?" nikauliza. Unaweza kucheka. Mimi nilikuwa bado natafuta pa kushika.

"Kanzu!" Mama akanitazama kwa huruma. "Bibi yako, akiwa binti mudogo, ndiye alikuwaka anamuosha mugongo. Alisema ku shingo ngozi ilikuwa nguvu, imekauka sawa kisigino. Wakati alipata kuwa huru akafuata wachuuzi, akawapikia, akafika kwetu Gisenyi, akauza chumvi, akaoa. Kuku ya kwanza alinunuaka na mikono yake, aliifungua ku mulango. Akasema, mu nyumba yangu hakuna mwenye ataingia na kamba."

Mimi nikawaona kuku wote wa utoto wangu, mmoja mmoja, wakipita ule uchochoro wa fundi viatu.

"Juu ya nini hamukutuambia, Mama?"

"Bibi alisema, wakiuliza, uwaambie. Hamukuuliza. Mulikuwa munajisifu tu."

Wasomaji wenzangu, nitasema ukweli, sikuwa jasiri. Njia nzima ya kurudi niliona aibu, na aibu yangu haikuwa kwa ajili ya waliomfunga. Nilikuwa namwonea aibu yeye. Nilimfikiria Ramazani ameketi nyuma ya darasa, anasikia Bwana Mkubwa wa mwavuli ni wa uzao wa nani. Kasulu tuliposimama kula wali na maharage, nilimwambia Shakila kwa upole, "Andika alikuwa mfanyabiashara wa chumvi. Si uongo." Mtoto alinitazama. Hawa watoto wa siku hizi ninaowacheka, wasiojua kumshika kuku, wana jambo moja ambalo sisi tulichapwa mpaka likatutoka: wanauliza mpaka wapate jibu. Akamgeukia Mama, bibi yake.

"Nyogokuru, jina lake ile ya kwanza ilikuwa gani?"

"Hakuna mwenye anaijua, shenge, mupenzi wangu."

Shakila alikata mstari wa jambia. Akakata wa hariri na wa tajiri. Akaandika upya, na katikati ya ukurasa akaacha mstari mmoja mtupu. Sikumwuliza. Nilikuwa bado na tumaini kwamba ataacha yote na kumweleza mzee wa upande wa baba yake.

Siku ya siku ilifika, nikakaa nyuma pamoja na wazazi, kwenye dawati lililonibana magoti. Ramazani alikuwa kiti cha pili, mvi zimemjaa, shingo ndefu kama zamani. Watoto walitangulia mmoja mmoja, kila mmoja na babu yake chifu au mganga mashuhuri. Halafu Shakila akasimama, akasoma kwa Kinyarwanda, sauti haitikisiki: babu wa bibi wa mama yangu alikamatwa akiwa mdogo kuliko sisi, akafungwa shingoni, akauzwa Ujiji, jina lake la kwanza lilikuwa... Akanyamaza. Akabaki amesimama, macho kwenye daftari. Darasa likasubiri. Mwalimu alidhani amesahau, akamwambia taratibu aruke hapo aendelee.

"Sijasahau, mwalimu," akasema. "Hapa ni mahali pa jina lake. Hatulijui. Nimemwachia nafasi."

Halafu akaendelea na chumvi, na ndoa, na kuku wa kwanza.

Nililia kama nilivyolia siku ya kibao, ila safari hii sikujiona nimeonewa. Ramazani alisogeza kiti chake kikalia kwenye sakafu, akainama sikioni kwangu. Nilijiandaa kuchekwa. Alikuwa na haki, kamba ile ilimwacha na alama wiki nzima.

"Hata sisi, Zaina," akasema. "Babu yetu aliitwaka Farjala, Farjala tu. Mi niliambiwa kitambo. Niliona haya kusema, juu mulikuwa wakubwa."

Miaka yote ile, nyumba kwa nyumba, uzio mmoja katikati! Tungeweza kuambiana huku tukikimbiza kuku.

Sasa hivi mimi ndiye mwenye mlango. Kuku wa leo wanakuja juu ya pikipiki, kumi wamefungwa pamoja kwenye kiti cha nyuma, na dereva ana haraka, simu inamlilia. Wiki iliyopita nilimwambia asubiri nimfungue wangu nje. Akanitazama kama watu walivyomtazama Bibi. "Mama, atatoroka huyo! Juu ya nini?" Nilikuwa na jibu la ukoo tayari mdomoni, juu mi nimesema. Nikalimeza. Nikamweleza, tangu ng'ambo ya ziwa mpaka kizingitini, naye akazima pikipiki kusikiliza. Kuku hakusubiri mwisho. Alitazama kulia, akatazama kushoto, na huyo, Idi nyuma yake na viatu vyake vyenye taa, Shakila nyuma ya Idi, simu ya mtu imeanguka. Enzi zetu tulikimbia kasi zaidi, hilo sitakubali kubishiwa. Lakini sisi tulikimbia miaka yote ile bila kujua tunakimbia kwa ajili ya nani. Hawa wanajua, na bado wanakimbia wakicheka.